Hedifoni za Mjukuu Wangu

Katika maisha yangu ya kazi niliwahi kununua chaki, madawati, mipira, ngoma za gwaride na hata ng'ombe mmoja wa shamba la shule, lakini sikuwahi kudhani kwamba nikiwa na miaka sabini na mitano ningesimama mbele ya kabati la kioo jijini Dar es Salaam, kofia mkononi, nikimuuliza kijana muuzaji ni hedifoni ipi inayofaa kuchanganyia muziki nyumbani kwa mtu asiye na fedha nyingi. Nilifikishwa pale na kosa. Kosa lenyewe lilikuwa langu, ingawa kwa miezi kadhaa nilikuwa nimembebesha mjukuu wangu.

Mimi na marehemu mke wangu tulikutana katika chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Siku hizo mwalimu wa shule ya msingi alitazamiwa afundishe kila kitu, kuanzia hesabu hadi kilimo, na muziki haukuachwa nyuma. Tulifundishwa kuimba kwa do, re, mi, na tukafundishwa pia kuuheshimu uma wa kupimia sauti, kile kichuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga hutoa noti ya A, mitetemo 440 kwa sekunde. Wangu ninao hadi leo, umo ndani ya droo pamoja na filimbi ya mstarini. Mke wangu aliimba sauti ya pili. Kwa msomaji asiyeijua kwaya nieleze kwamba sauti ya pili ndiyo isiyosifiwa na mtu. Watu husifu sauti ya kwanza kwa sababu iko juu, na besi kwa sababu inatikisa kifua. Sauti ya pili imekaa katikati kama unga katika chapati: hakuna anayeitaja, lakini iondoe uone kitakachobaki.

Mwaka 1987 walimu wa tarafa yetu tulikuwa na kwaya, na mimi nilikuwa kiongozi wake. Jioni moja tuliimba ndani ya darasa la sita, na mwenzetu mmoja akaweka redio kaseti juu ya madawati mawili yaliyopandanishwa, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Zikapatikana nyimbo nne. Kanda hiyo imehama nasi nyumba tano, na mke wangu alipofariki mwaka 2019 ndiyo ilikuwa kumbukumbu pekee ya sauti yake niliyokuwa nayo.

Sasa nije kwa mjukuu. Huyu kijana alilelewa hapa nyumbani Morogoro. Bibi yake alikuwa akimwita "mume wangu", kwa hiyo mimi kwa utani humwita "mwenzangu", naye huitika. Chumba chake amekigeuza studio: kompyuta ya mitumba, kipaza sauti kimoja, kisanduku kidogo cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, na magodoro ya zamani yaliyosimamishwa ukutani ili chumba kisirudishe mwangwi. Programu anayoitumia inaitwa Audacity, nayo hutolewa bure. Morogoro ni mji uliowatoa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, kwa hiyo sikuwa na neno la kumkataza kijana kupenda muziki. Nilichomkatalia ni fedha.

Alinijia mwanzoni mwa mwaka 2023 akisema, "Babu, nahitaji hedifoni za kuchanganyia." Nikamwuliza kama hizo alizonazo zimekufa. Akasema hazijakufa, ila zinadanganya. Nilicheka. Nilimwambia kwamba fundi mbaya hulaumu zana, na kwamba sisi tulirekodi kwaya nzima kwa redio kaseti moja. Akanyamaza. Watoto tuliowalea kwa heshima wana ugonjwa huo: wakinyamazishwa na mtu mzima wananyamaza kweli. Hedifoni alizokuwa nazo alizinunua kwa shilingi 40,000 kwa mchuuzi mmoja, ndani ya boksi lenye jina la kampuni maarufu. Baadaye niligundua kwamba jina hilo kwenye boksi lilikuwa na herufi moja iliyopungua. Mimi niliyesahihisha imla kwa miaka thelathini na nane sikuiona.

Mwaka huohuo familia ilipanga siku ya kumkumbuka marehemu. Nikamkabidhi mjukuu kanda, nikamwomba aisafishe, na akipenda aongeze gitaa kidogo chini ya wimbo mmoja. Alifanya kazi hiyo usiku tatu mfululizo. Nilisikiliza kupitia zile hedifoni zake, nikaona ni nzuri, nikamwambia basi inatosha. Naomba msomaji aikumbuke idhini hiyo.

Siku yenyewe ilipofika, spika za kukodi zilisimamishwa chini ya mwembe, watu wapata themanini wakakaa, na wimbo ukapigwa. Kilichotoka hakikuwa kwaya yetu. Sauti ya kwanza ilichoma masikio, besi ya wanaume ilikuwa imekonda, na sauti ya mke wangu ilitoka kama ya mtu anayeimbia ndani ya kopo. Lile gitaa halikusikika kabisa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliniinamia akauliza, "Shemeji, huyu anayeimba ni nani?" Aliuliza kwa nia njema. Mimi nilisimama, nikamfuata kijana pale kwenye mashine, nikamwambia mbele ya watu kwamba amemharibia bibi yake sauti. Hakujibu. Alizima, akakunja nyaya zake taratibu, akaingia ndani. Kwa muda wa miezi mitano hivi hakugusa muziki, wala hakuniitikia nilipomwita mwenzangu. Alisema tu "Naam, babu."

Aliyenifungua macho ni mwanafunzi wangu wa zamani ambaye alifanya kazi ya ufundi mitambo redioni hadi alipostaafu, na ambaye alipita kunijulia hali. Baada ya shikamoo na chai nilimsimulia kisa hicho nikitarajia anionee huruma. Badala yake aliuliza swali moja: "Mwalimu, kijana alikuwa anasikilizia nini?" Nikaleta zile hedifoni. Akazivaa, akapiga wimbo anaoujua, akazivua kabla haujafika kiitikio.

Maelezo aliyonipa nayaandika hapa kwa sababu sikuyapata shuleni. Kuchanganya muziki ni kazi ya kupanga kila sauti na kila ala ipate nafasi yake bila kuimeza nyingine. Anayefanya kazi hiyo anaamini masikio yake, na masikio yake yanaamini kile kilichoyafunika. Hedifoni nyingi za bei nafuu zimetengenezwa ziongeze besi, kwa sababu mnunuzi akizijaribu dukani kwa dakika moja husisimka na kutoa fedha. Kwa msikilizaji wa kawaida si dhambi. Lakini mchanganyaji akisikia besi nyingi hudhani imezidi katika wimbo, kumbe imezidi katika hedifoni, basi anaipunguza. Ni kama mwalimu aliyevaa miwani nyekundu anayesahihisha kwa kalamu nyekundu: haoni alichoandika, anarudia na kukandamiza, na mtoto anarudishiwa daftari limejaa damu.

Na zile za kijana zilikuwa na ubaya zaidi. Hazikuongeza besi ya chini kabisa tu, ile ya mitetemo 41 ambayo ni uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi. Zilivimbisha pia eneo la juu yake, kati ya mitetemo 200 na 500, hata kila kitu kikasikika kama kiko ndani ya blanketi. Mjukuu alifanya kile ambacho fundi yeyote mwangalifu angefanya: akalipunguza eneo hilo mpaka blanketi likaondoka. Katika eneo hilohilo ndimo sauti ya pili inamoishi. Alimkata bibi yake bila kujua, na jinsi alivyokuwa mwangalifu ndivyo alivyomkata zaidi. Kuhusu gitaa, alikuwa ameliweka upande wa kushoto, jambo linalopendeza ukivaa hedifoni kwa kuwa kushoto na kulia hutengana kabisa. Wenye spika za kukodi walikuwa wamechomeka waya wa upande wa kulia peke yake.

Mgeni alipoondoka nilikaa barazani hadi giza likaingia. Nilikuwa nimempa kijana mizani mbovu, nikakataa kununua nyingine, nikaukubali uzito aliopima, kisha nikamwita mwizi.

Nilikwenda chumbani kwake usiku uleule nikamwomba radhi. Sikuwa na mazoea ya jambo hilo. Mwalimu mkuu huomba radhi kwa afisa elimu tu. Kisha nikamwambia kwamba nimetenga shilingi 220,000 katika pensheni yangu na kwamba tutakwenda pamoja. Mambo yalichelewa kwa ugonjwa wangu wa mgongo, hata tulipoondoka treni ya umeme ilikuwa imekwisha kuanza kubeba abiria kati ya Morogoro na Dar es Salaam mwaka 2024. Tulifika kabla sijamaliza kusoma gazeti.

Tulikwenda kwenye duka la vyombo vya muziki linaloruhusu mteja kujaribu. Nasema hivyo kwa makusudi: duka linalokataa usijaribu ni afadhali uliache, hata kama bei yake inatabasamu. Mjukuu alikuja na nyimbo tatu ndani ya simu. Moja ilikuwa ile kwaya kama ilivyotoka kwenye kanda, ya pili wimbo wa Mbaraka Mwinshehe ambao mimi naujua gitaa kwa gitaa, na ya tatu wimbo mpya ambao yeye anaujua kwa moyo. Hakutafuta hedifoni iliyopendeza. Alitafuta iliyomwonyesha tofauti kati ya nyimbo hizo tatu, kwa hoja kwamba hedifoni inayoupamba kila wimbo kwa namna moja inaongeza ya kwake. Na alizisikiliza kwa sauti ndogo. Sauti kubwa humfurahisha kila mtu na kuficha kila kosa, tena huharibu masikio. Shirika la Afya Duniani, katika kiwango lililokitoa mwaka 2019 pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma kuwa mpaka wa mtu mzima, na mchanganyaji anayekesha hufika hapo upesi.

Muuzaji alileta nne. Za kwanza zilikuwa Beyerdynamic DT 770 Pro, za Kijerumani, laini masikioni kama mto. Hizi hutengenezwa kwa aina kadhaa, za ohm 32, 80 na 250, na yeye alikuwa nazo za 250. Nimeelezwa kwamba ohm ni kipimo cha jinsi hedifoni inavyozuia umeme, na zenye namba kubwa huhitaji kipaza nguvu. Ukizichomeka kwenye kompyuta hivihivi huweza kunong'ona badala ya kusema. Bei yake ilitusaidia kuamua haraka. Zikafuata Sony MDR-7506, ambazo zimekuwapo tangu mwaka 1991 na bado zimo katika studio nyingi na vituo vya redio. Mjukuu alizisifu kwa kuonyesha kila mkwaruzo, lakini alisema herufi "s" zinamchoma. Mimi sikuona mchomo wowote, na hilo nitalirudia. Za tatu zilikuwa Audio-Technica ATH-M40x, na hapa tulikaa muda mrefu. Kwa masikio yake hizi ndizo zilizokuwa sawa kuliko zote toka chini hadi juu. Bei ilikuwa shilingi 320,000. Nilitazama ndani ya bahasha yangu kana kwamba fedha zingeweza kuwa zimezaliana.

Za nne zilikuwa AKG K240 Studio, za kampuni iliyoanzishwa Vienna, Austria, mwaka 1947. Hizi ni nusu wazi, yaani magamba yake yana matundu na sauti huingia na kutoka. Muuzaji alituonya kwamba hazifai kurekodia, kwa sababu mlio wake huvuja ukaingia kwenye kipaza sauti. Besi yake ya chini kabisa ni haba pia, kwa hiyo fundi asiyelijua hilo ataijaza mno. Lakini katikati yake! Alipopiga ile kwaya nilimwona mjukuu ameinua kichwa akitazama dari. Ohm zake ni 55, kazi ambayo kile kisanduku chake kinaiweza, na waya wake huchomoka, jambo kubwa kwa chombo cha mtu asiye tajiri, maana waya ndio hufa kwanza. Bei ilikuwa shilingi 195,000.

Alishangaza kwa busara yake. Alisema atarekodia zilezile mbovu, kwa kuwa zimefunika masikio kabisa na kwa kazi hiyo anahitaji tu kusikia yuko wapi katika wimbo, na atachanganyia hizi mpya usiku, mvua ikiwa haipigi mabati na mashine ya kusaga ya jirani imelala. Kuhusu besi, alisema atakuwa anaupima wimbo wake kwa spika za daladala ya rafiki yake. Muuzaji alijaribu kumwonyesha nyingine zisizo na waya, nzuri kwa macho. Akazikataa kwa adabu, akinieleza baadaye kwamba katika hizo sauti huchelewa kidogo njiani, na mtu hawezi kuimba huku akijisikia kwa kuchelewa.

Wakati nahesabu fedha, muuzaji, kwa kutaka kutuchangamsha, alituvalisha zamu kwa zamu akapiga mlio mmoja unaopanda kidogo kidogo, namba zikionekana kwenye kioo cha kompyuta. Sikio changa hupokea kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 hivi. Mimi nilimwambia kwamba amezima. Alikuwa hajazima. Namba ilikuwa imepita kidogo 6,000. Mjukuu alipovaa aliendelea kuinua kidole hadi 16,000 na ushei, tena amekunja uso. Nilifahamu kwamba uzee hula sauti kuanzia juu, kama mchwa wanaoanzia paa. Nilikuwa nimelisoma mahali. Ni jambo jingine kulipata mbele ya kaunta. Basi yale mambo niliyoyaita mazuri na mabaya kwa miaka ya karibuni, kwaya nilizozipa alama katika mashindano, ile idhini niliyoitoa mwaka 2023, yote niliyapima kwa theluthi ya masikio. Katika treni ya kurudi sikusema mengi. Mwenzangu aliliweka boksi mapajani akalishika kwa mikono miwili hadi Morogoro.

Aliianza kazi upya kutoka kwenye kanda. Hakuongeza gitaa safari hii. Usiku wa pili, yapata saa tano, aliniita.

"Babu, kabla hamjaanza wimbo wa tatu kuna mtu ananong'ona. Ni bibi."

Nilivaa. Nilisikia mvumo wa kanda, mtu akikohoa, benchi likiburutwa, kisha sauti yangu mwenyewe ya ujana ikitoa do, halafu kwaya ikaingia. Mnong'ono sikuusikia. Alirudisha mara nne, akaongeza sauti, akapunguza mvumo. Ninaelewa sasa kwamba mnong'ono hauna ule mlio mnene wa koo. Ni pumzi na herufi tupu, na sehemu kubwa yake iko huko juu ambako mimi nimekwisha kufunga duka.

"Anasema nini?" nikamwuliza.

Alisita kidogo, kama mtu anayepeleka ujumbe usiokuwa wake. "Anasema, 'Mwalimu, umeanza juu mno.'"

Niliuchukua uma wangu kutoka kwenye droo, nikaugonga, nikausogeza karibu na sikio huku akinipigia tena ile do. Ilikuwa juu mno. Wanawake wa sauti ya kwanza walijikaza wimbo mzima kwa ajili yangu, na katika miaka thelathini na miwili tuliyoishi baada ya jioni ile hakuniambia tena.

Wimbo ulipokamilika tuliupeleka kwa shemeji, ukapigwa kwa spika ndogo sebuleni kwake. Sauti ya pili ilikuwa mahali pake. Aliusikiliza akiwa ameshika ukingo wa kanga, kisha akasema, "Huyo ni dada," akaomba urudiwe. Mjukuu alikuwa ameuliza kama aukate ule mnong'ono, maana mafundi husafisha vitu kama hivyo mwanzoni mwa wimbo. Nilimwambia auache. Mimi mpaka leo siusikii. Nimeyaandika maneno yake kwa kalamu juu ya ganda la kanda, chini ya tarehe.